Vifaa Vidogo vya Alumini: Jinsi ya Kuvitafuta Bila ya Kudanganyika

Alipofariki ndugu yetu mjini Leicester, Uingereza, tulisafiri kwenda kuwapa mkono jamaa zake na kuwasaidia kuyapanga aliyoyaacha. Marehemu hakuwa mtu wa mali nyingi. Aliacha nyumba, vitabu, nguo zake, na sanduku moja la kadibodi lililokaa juu ya kabati miaka mingi. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na gari dogo, urefu wake hautimii dhiraa moja, lenye chasisi ya alumini ya rangi ya dhahabu na mipira iliyokwisha pasuka kwa ukavu.

Mwanawe mkubwa alitwambia: "Ami, hili ndilo gari la Baba la kuongozwa kwa redio. Alilinunua kabla sijazaliwa, akilishindanisha na wenziwe siku za mapumziko. Mimi nataka litembee tena." Mama yake na nduguze waliridhia alichukue katika fungu lake, naye akaanza kazi usiku ule ule.

Siku ya tatu alikuja kwetu ameinamisha kichwa. Alikuwa amelazimisha skrubu isiyokuwa yake katika tundu la kipande kimoja cha alumini, na hesi za tundu lile, yaani yale meno ya ndani yanayoshika skrubu, zikakatika zote. Kipande kilichosalimika miaka thelathini na zaidi kiliharibika kwa mzunguko wa mkono mmoja.

Yaliyofuata baada ya kosa hilo yalitufunza mambo mengi. Nasi twaona kheri kuwaandikia vijana wetu, kwani wengi sasa hupenda kuvihuisha vitu vya zamani, wala si magari haya tu. Anayejua kukitafuta kifaa cha gari dogo atajua pia kukitafuta cha cherehani au cha saa ya ukutani.

MAGARI HAYA NI YAPI?

Huenda msomaji akauliza: Mchezo wa watoto una maana gani hata ukaandikiwa makala? Jawabu ni kuwa magari haya si ya kuchezea tu. Ni mashine kamili, zenye gia, mhimili, shokomzoba na mota ya umeme, na aghlabu huuzwa vipande vipande ili mwenyewe ayaunge kwa mkono wake. Mtoto aliyeliunga gari moja amejifunza nusu ya kazi ya gereji.

Kiwanda cha Tamiya cha mji wa Shizuoka, Japani, kilianzishwa mwaka 1946 kwa kazi ya mbao, na baadaye kikahamia katika kazi ya vielelezo vya plastiki. Mwaka 1976 kilitoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, mfano wa Porsche 934. Mwaka 1979 yakafuata Rough Rider na Sand Scorcher, yaliyoundwa kwa kwenda mchangani, na mwaka 1984 ikatoka Hornet, ambayo vijana wa nchi nyingi waliijua. Kiwanda cha Kyosho, nacho cha Japani, kilitoa Scorpion mwaka 1982 na Optima mwaka 1985.

Ama gari la ndugu yetu lilikuwa la Marekani. Ni RC10, lililotolewa mwaka 1984 na Team Associated ya California. Lilikuwa mfano wa sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, na sifa yake kubwa ilikuwa chasisi ya alumini iliyokunjwa mfano wa sinia na kutiwa rangi ya dhahabu, pamoja na shokomzoba za alumini zenye mafuta ndani. Mwaka 1985, katika mashindano ya dunia yaliyofanywa Del Mar, California, Gil Losi Jr. alishinda kwa gari la namna hiyo.

Kwa nini alumini? Kwa sababu ya wepesi wake. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, na ya chuma cha pua ina gramu 7.8 au zaidi kidogo. Gari linaloendeshwa kwa betri ndogo huihisi kila gramu. Lakini wepesi huo una gharama yake: alumini ni laini kuliko chuma. Skrubu ya chuma ikigombana na tundu la alumini, siku zote kinachoshindwa ni tundu.

PIMA KWANZA, UNUNUE BAADAYE

Hapa ndipo alipokosea kijana wetu, na wengi hukosea kama yeye. Aliona skrubu mbili zinafanana kwa macho, akadhani ni moja.

Katika magari haya kuna ukoo mbili za vipimo. Magari ya Kijapani hutumia milimita. Skrubu yao ya kawaida huitwa M3: unene wake ni milimita 3, na kutoka jino moja mpaka la pili ni nusu ya milimita. Magari ya Kimarekani ya zama zile, na hilo la RC10 likiwa mojawapo, yalitumia inchi. Skrubu yao ya kawaida huitwa 4-40: unene wake ni milimita 2.84, na ina meno 40 katika kila inchi, yaani milimita 0.635 toka jino hadi jino. Tofauti ya unene haifiki hata moja ya tano ya milimita. Jicho haliioni. Lakini ukiitia M3 katika tundu la 4-40, itaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha itakaza. Mwenye busara atasimama hapo. Mwenye haraka atatia nguvu, na meno mapya yatayakata ya zamani.

Na kuna mtego mwingine. Mota za namna ya 540, zinazotiwa katika magari haya, zina matundu ya M3 hata zikifungwa katika gari la Kimarekani. Kwa hiyo ndani ya gari moja mna skrubu za inchi na za milimita pamoja. Ile skrubu iliyoharibu kipande cha marehemu haikutoka mbali. Ilitoka katika mota ya gari lile lile.

Basi twawausia wanaoanza kazi hii mambo manne.

La kwanza, usifungue skrubu mbili ukazichanganya. Chukua kadibodi, chora umbo la gari, na kila skrubu uichomeke mahali pake katika mchoro.

La pili, nunua kalipa na kipimo cha hesi. Kalipa hupima unene. Kipimo cha hesi ni vibamba vidogo vyenye meno, unavilinganisha na skrubu mpaka kimoja kikae sawasawa bila ya mwanya. Vyote viwili bei yake ni ndogo kuliko ya kipande kimoja cha asili.

La tatu, tumia bisibisi inayohusika. Skrubu za nyota za Kijapani zimechongwa kwa kipimo chao wenyewe, kiitwacho JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haizami ndani vyema, huteleza na kuila kichwa skrubu. Watu wengi hulaumu skrubu, na kosa ni la bisibisi.

La nne, kila skrubu mpya ianze kwa vidole. Izungushe kwanza kinyumenyume mpaka uihisi inadondoka katika njia yake, ndipo uizungushe mbele. Isipokwenda kwa vidole, iondoe.

MAHALI PA KUTAFUTA

Ukishajua unachokitaka kwa vipimo, utafutaji huwa mwepesi. Sisi tuliona milango mitano.

Mlango wa kwanza ni kiwanda chenyewe. Viwanda vilipoona kuwa waliokuwa watoto sasa wamekuwa watu wazima wenye hamu ya magari yao, vilirudia kuyatoa baadhi yake. Tamiya iliirudisha Hornet mwaka 2004, Kyosho ikairudisha Scorpion mwaka 2014 na Optima mwaka 2016, na RC10 ilitolewa tena mwaka 2013. Vipande vingi vya matoleo haya huingia katika magari ya asili, lakini si vyote, kwani kiwanda kinaporudia kazi hurekebisha baadhi ya mambo. Linganisha kipande kwa kipande kabla ya kulipa.

Mlango wa pili ni mabaki ya maduka ya zamani. Mwenye duka hufunga biashara, na bidhaa zake hubaki katika pakiti zilezile. Vipande hivyo ni vya asili na ni vipya, ndiyo maana bei yake ni kubwa, na ndiyo maana huigizwa.

Mlango wa tatu ni gari bovu. Mara nyingi gari zima lililovunjika huuzwa kwa bei ndogo kuliko vipande vyake vitatu. Lakini likague: alumini iliyopinda haiachi kumbukumbu njema. Ukiinyosha hudhoofika, na ukirudia mara mbili hupasuka.

Mlango wa nne ni fundi wa kukereza. Kipande cha duara, kama nati ya gurudumu au kifuniko cha shokomzoba, fundi mwenye mashine anaweza kukitengeneza ukimpa cha zamani akipime, hata kama kimevunjika. Usitupe kipande kilichovunjika mpaka kipya kiingie.

Mlango wa tano, ambao wengi huupita bila ya kuuona, ni muuzaji wa bolti na beringi. Skrubu ya M3 ni M3, ikiwa katika pakiti nzuri yenye jina la kiwanda cha magari au katika mkebe wa duka la vyuma. Vivyo hivyo beringi. Magari mengi ya Tamiya hutumia beringi yenye tundu la milimita 5, upana wa nje milimita 11, na unene milimita 4. Magari ya Kimarekani ya zama zile yalitumia za inchi, kama zile zenye tundu la inchi 3/16, yaani milimita 4.76, ambalo mhimili wa milimita 5 hauingii. Taja vipimo, usitaje jina la gari, nawe utanunua kwa bei rakhisi.

ALUMINI SI MOJA

Tuliwauliza mafundi: Je, alumini yote ni sawa? Wakatucheka. Alumini tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na madini mengine. Ile inayoitwa 6061 imechanganywa na magnesi na silikoni. Ikishatiwa moto na kupozwa kwa utaratibu uitwao T6, huhimili mvuto wa nyutoni 310 hivi kwa kila milimita mraba. Ile inayoitwa 7075 imechanganywa khasa na zinki, na katika hali ya T6 huhimili karibu 570. Muuzaji anayesema tu "alumini ya ndege" hajakwambia kitu. Muulize namba.

Hata hivyo, nguvu si kila kitu. Vijana wengi hupenda kuiondoa nailoni yote na kutia alumini mahali pake, kwa kuwa inang'ara. Methali yetu yasema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Mkono wa nailoni wa gari la zamani ulitengenezwa upinde kidogo linapogonga ukuta, kisha urudi. Ukitia mkono wa alumini usiopinda, pigo lile halipotei. Hupita likaenda kwenye kipande cha pili, nacho huwa ni chasisi au sanduku la gia, ambavyo ni taabu zaidi kuvipata. Weka alumini pale ilipokuwa tangu awali.

Na wanaokaa karibu na bahari wajihadhari na jambo moja zaidi. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu, ikikaa ndani ya alumini penye unyevu wa chumvi, huzaa umeme mdogo baina ya madini mawili, na inayolika ni alumini. Utaona unga mweupe pembezoni mwa skrubu. Dawa yake ni kupaka grisi kidogo kabla ya kufunga, na kulifuta gari likauke baada ya kulichezea.

RANGI YA DHAHABU

Kijana wetu alitaka pia kuing'arisha upya chasisi ya baba yake, kwani chini yake ilikuwa imekwaruzwa mistari mingi na rangi imepauka ubavuni. Tulimwuliza fundi, naye akatueleza.

Rangi ile si ya kupakwa kwa brashi. Alumini hutiwa katika maji ya asidi ya salfa na kupitishwa umeme, ikaota ngozi ngumu juu yake yenye vitundu vidogo visivyoonekana. Vitundu hivyo hunywa rangi, kisha hufungwa kwa maji ya moto. Kazi hii huitwa anodaizi. Kwa hiyo rangi haiwezi kuzibwa mahali pamoja tu. Atakaye mpya lazima aivue ngozi yote ya zamani, na huvuliwa kwa magadi makali ambayo huila na alumini yenyewe. Matundu hupanuka, hesi hupungua, na alama zilizochorwa hufifia. Hata sabuni kali za mashine ya kuoshea vyombo huweza kuipausha. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki vyatosha.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mistari hii ya chini aliifanya Baba." Hakuligusa tena suala la rangi.

ALIPOTAKA KUUZA

Sasa twarudi kwenye kile kipande kilichoharibika. Kabla hatujampata fundi, kijana alikuwa amekwisha agiza kingine kwa mtu aliyetangaza kuwa anavyo vya asili vya mwaka 1985, katika pakiti, na alilipa bei ya asili. Kilipofika, kiling'ara mno. Tulikijaribu kwa skrubu ya 4-40 ikakataa kuingia. Tukaijaribu M3, ikaingia kama imezaliwa humo. Kipande cha asili ni cha inchi, na hiki kilichongwa kwa milimita. Kilikuwa nakala, na muuzaji hakujibu tena barua.

Nakala si kosa. Fundi anayetengeneza kipande kisichopatikana tena amewafaa watu, naye astahiki ujira wake. Kosa ni kukiita nakala kwa jina la asili.

Fundi mmoja wa mji ule alikipokea kipande cha marehemu, akalipanua tundu lililoharibika kidogo, akakata hesi mpya, na akatia ndani yake springi ndogo ya waya wa chuma, ambayo kwa ndani ina meno ya 4-40. Tundu likawa na nguvu kuliko la kwanza. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko aliyoyalipa kijana kwa ile nakala. Laiti tungaliuliza habari za kutengeneza kabla ya kuuliza habari za kununua!

Ikabaki nakala mkononi, haina kazi. Kijana akasema ataiuza. Tukamwuliza ataiuza kwa jina gani.

"Kwa jina nililouziwa, Ami. Mimi niliambiwa ni ya asili, nami nikalipa. Nikiuza vile vile nilivyouziwa, nimekosa nini?"

Hatukumjibu kwa hotuba. Tulimwuliza: "Mwanangu, yule atakayeinunua atakuwa nani?" Akafikiri. Akasema huenda akawa mtu mwenye gari la baba yake. Jioni ile aliitangaza kwa bei ndogo, akaandika kuwa ni nakala, kuwa hesi zake ni za M3, na kuwa mwenye gari la inchi asiinunue ila akikusudia kutumia skrubu za milimita. Ilinunuliwa siku ya pili na mtu aliyekuwa akihitaji nakala kama hiyo. Hasara aliyoipata haikuwa ndogo kwa kijana asiyekuwa na kazi kubwa, lakini tulimwona amelala vizuri.

Twapenda wazazi waliangalie jambo hili. Watoto wetu wanauza na kununua kwa simu, na aliye upande wa pili hawamwoni uso. Biashara ya namna hii haina shahidi ila vipimo na kauli ya muuzaji. Kijana aliyezoea kuficha ufa wa kipande kidogo leo, kesho ataficha ufa wa gari kubwa linalobeba watu.

KARATASI NDANI YA SANDUKU

Kabla hatujaondoka, gari lilikwisha kuungwa. Mipira ilikuwa mipya, beringi mpya, na nati nne za magurudumu zilitoka kwa muuzaji wa bolti. Tuliteremka nalo katika uwanja wa maegesho ulio nyuma ya nyumba, mama yake akitazama dirishani. Liliondoka kwa kasi iliyotushtua, likageuka, likarudi, na likagonga ukingo wa njia. Mkono wa nailoni ulipinda ukarudi. Hapakuvunjika kitu.

Usiku tulimwomba kijana aandike karatasi. Aliandika kila kipande kilichobadilishwa, kipimo chake, tarehe, na mahali kilikotoka. Na kile kipande kilichotengenezwa akakitaja kwa jina lake pamoja na kosa lililokiharibu. Karatasi hiyo aliikunja akaiweka chini ya sanduku.

Twashauri kila anayehuisha kitu cha zamani afanye hivyo. Mwenye kukirithi baada yake atajua kipi kilishikwa na mkono wa babu na kipi kiliongezwa na mwana, na hatalazimisha skrubu ya milimita katika tundu la inchi.